Kabati la Alama Tisini na Tano

Mama Glasi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katikati ya wiski za dunia nzima na hakuwahi kumeza hata tone. Wifi yake haamini jambo hilo mpaka leo. Kila wanapokutana humnusa begani na kumwambia, "Endelea tu kutudanganya, dada." Mama Glasi hucheka. Kweli alirudi nyumbani akinukia moshi, asali, zabibu kavu na mbao za mapipa, lakini vitu hivyo vilimwingia mikononi na kwenye aproni, tumboni havikufika.

Kazi yake ilikuwa kuosha glasi, na ukitaka kuidharau subiri kwanza. Kwenye ghorofa ya pili ya jengo lenye lifti iliyogoma kila Jumatatu kulikuwa na ofisi ndogo iliyotoa kitabu kimoja kwa mwaka, kitabu cha kuzipa alama wiski za ulimwengu. Zilitoka Uskochi, Ayalandi, Japani, India, Marekani, na nchi nyingine ambazo ukiambiwa nazo zinatengeneza wiski utauliza mara mbili. Waonjaji wanne waliketi kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe, wakawekewa glasi sita zenye namba tu, bila jina wala chupa. Walinusa, wakaonja, wakatema kwenye kopo la bati, wakaandika alama kati ya sifuri na mia. Mia haikuwahi kutolewa. Mtengenezaji anayepita tisini alijipongeza mwaka mzima, na anayeshuka chini ya sabini alinuna mwaka huohuo huko aliko.

Glasi zote hizo zilipita mikononi mwake. Aliziosha kwa maji ya moto matupu, mara mbili, bila sabuni, maana sabuni ya limau ikibaki kidogo ukingoni waonjaji wataandika kwamba wiski ina limau, na tena wataisifu. Hakuzifuta kwa kitambaa. Aliziacha zikauke zenyewe, zikiwa zimesimama wima, kisha akazinusa moja moja kabla hazijaingia chumba cha kuonjea. Glasi haifunikwi kifudifudi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, kwa sababu glasi iliyofunikwa hukusanya harufu ya mahali ilipolala.

Na alikuwa na siri yake ndogo. Waonjaji walipoondoka hakuosha siku hiyo. Aliziacha glasi mpaka asubuhi, ukali wa pombe ukishakwenda zake na kubaki utando mkavu chini ya glasi, ndipo akazichukua na kuziingiza pua. Kwake yeye glasi kavu ilisema ukweli kuliko glasi iliyojaa. Wiski iliyojipamba jana jioni, asubuhi ungekuta imeacha sukari iliyoungua tu. Nyingine iliyokuwa imejikunyata ungekuta imeacha bustani nzima. Alizipa alama zake kichwani, hakumwambia mtu, na kitabu kilipotoka alilinganisha. Mara nyingi walikubaliana, yeye na kitabu.

Tabia hiyo aliibeba mpaka nyumbani, ambako hakuwa Mama Glasi bali Mama Pacha, maana alizaa mapacha ambao sasa walikuwa watu wazima wenye nyumba zao mbali. Supu ya jana sabini na nane, chumvi imeshinda. Hotuba ya wifi harusini sitini, na hizo za kumwonea aibu. Lakini aliyepewa alama kuliko wote alikuwa mumewe, Baba Pacha, fundi seremala. Kila alipomaliza kitu aliita kutoka kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, "Mama Pacha, njoo. Umenipa ngapi?" Naye angekuja akijifuta mikono, angezunguka stuli, angefungua droo na kuifunga, angeinama kuchungulia chini ambako mteja hachungulii. Alikuwa mkali. Miaka thelathini ya ndoa, Baba Pacha hakuwahi kuvuka themanini na nane. Kitanda chao wenyewe kilipata themanini na sita kwa sababu kilikuwa kinalia, na sababu ya kulia kwake si ya kuandikwa hapa.

Halafu msumeno wa umeme ukamchukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, na vilivyobaki ukaviachia mtetemo usiokwisha. Karakana ilifungwa miaka miwili. Randa na patasi zilikaa kwenye sanduku chini ya kile kitanda. Penseli iliyokaa nyuma ya sikio lake tangu ujana ilitoweka, na uso wake bila penseli ulikuwa kama wa mtu mwingine. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni akitazama ukuta. Swali la umenipa ngapi halikusikika tena ndani ya nyumba, na Mama Pacha, ambaye zamani lilimchosha, alilikumbuka kila siku.

Basi Mhariri alipotangaza kwamba anataka kabati la glasi, Mama Glasi hakungoja amalize. Mhariri ndiye aliyekuwa mwenye kitabu na mwenye ofisi, mwanamke mrefu aliyevaa miwani yenye mnyororo, mtu wa maneno machache. Jengo la jirani lilikuwa linabomolewa, vumbi lilijaa kwenye rafu za waya za koridoni, na glasi zilikuwa zikioshwa mara nne badala ya mbili.

"Nina fundi," Mama Glasi alisema.

"Anafanya kazi?" Mhariri aliuliza. Habari za mkono alikuwa anazijua.

"Atafanya."

Baba Pacha alichukua wiki sita. Nyumba ikaanza tena kusikia randa, polepole, na vituo virefu katikati ambavyo Mama Pacha hakuuliza ni vya nini. Maranda ya mbao yakarudi kwenye mikunjo ya suruali. Usiku alilala karibu na shati lenye harufu ya gundi na mbao mbichi, akashukuru, na alilala vizuri.

Kabati lilifika ofisini siku ya Jumatatu, kwa hiyo wanaume wanne walilipandisha kwa ngazi wakilalamika kila hatua. Lilikuwa la milango miwili, linang'aa mpaka ukajiona. Ndani, kwenye kila rafu, Baba Pacha alikuwa amepigilia vijiti vyembamba viwili viwili ili mdomo wa kila glasi upate mahali pa kukaa. Nafasi ya glasi mia na ishirini, zikiwa zimefunikwa kifudifudi, kila moja na kitanda chake. Alisimama kando, akipangusa mlango kwa kiwiko cha shati ingawa haukuwa na vumbi.

"Mama Pacha," alisema, bila kumtazama. "Umenipa ngapi?"

Miaka miwili alikuwa akilingoja swali hilo. Hakuzunguka kabati. Hakuinama, hakuchungulia, hakupitisha hata kidole ndani ya rafu.

"Tisini na tano," alisema.

Baba Pacha alimtazama kidogo, akacheka kwa mdomo tu, akageukia upande wa dirisha.

Na siku hiyohiyo Mama Glasi akavunja sheria yake ya miaka kumi na tisa, akafunika glasi. Angezisimamishaje wima, na mwenzake amepigilia vijiti mia mbili na arobaini kwa mkono wenye vidole vitatu? Alijiambia kwamba kabati ni safi na milango inafunga. Wiki iliyofuata, asubuhi ya kikao, alizitoa glasi ishirini na nne, akazinusa moja moja kama kawaida, asisikie kitu, akazipeleka mezani.

Kilikuwa kikao cha mwisho kabla ya kitabu kwenda kwa mchapaji. Mezani walikuwa wanne wale wale. Mhariri kichwani. Kulia kwake Mkemia mstaafu, mzee mkavu aliyekalia kiti hicho tangu kitabu kilipoanza. Kushoto mwanamke aliyekuwa mwonjaji wa chai, mpole, ambaye aliandika zaidi ya kusema. Na mwishoni yule waliyemwita Mshairi, ingawa hakuwahi kutunga ubeti hata mmoja. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna wiski iliyopita puani mwake ikaondoka bila kupewa maneno.

Mbili za kwanza zilipita kimya. Ya tatu ilikuwa na moshi mzito na kila mtu aliipenda. Walipofika ya nne, Mshairi alifumba macho.

"Jamani," alisema taratibu. "Mbao mpya kabisa. Fundi yuko kazini, mlango wa karakana umeachwa wazi, mvua imetoka kunyesha. Mimi nimefika huko, nyie bado mko hapa."

Aliipa tisini na nne. Mwonjaji wa chai aliipa tisini na mbili, Mhariri tisini na tatu. Mkemia alikuwa ameandika hamsini na nane.

"Vanishi," alisema Mkemia.

"Vanishi wapi, mzee?" Mshairi aliuliza.

"Humu. Na si hii tu, zote za leo zina vanishi, hii imezidi. Huenda ni glasi."

Mhariri aligeuka kwenye mlango, ambako Mama Glasi alikuwa amesimama na trei. "Glasi umezinusa?"

"Nimezinusa. Moja moja."

"Umesikia chochote?"

"Hakuna kitu."

"Basi," Mhariri alisema, bila ubaya wowote. "Pua ya Mama Glasi haijawahi kutukosesha."

Mkemia alimtazama Mama Glasi kwa muda, akaitazama karatasi yake, akaikunja mara mbili ili alama yake isihesabiwe. "Kama Mama Glasi hajasikia, basi tatizo ni pua yangu. Nina miaka sabini na mitatu. Mwaka ujao mtafuteni mtu mwingine wa kukaa hapa. Sitaki kuwaonea watu na wiski zao."

Mshairi alianza neno akaliacha. Bahasha ya majina ilipofunguliwa, namba nne ilikuwa wiski ya miaka mitatu tu, ya kiwanda kisichojulikana, aina inayouzwa kwenye vituo vya mafuta karibu na betri za tochi. Mhariri alivua miwani kwa mshangao. Akasema ugunduzi kama huo hautokei kila mwaka, na kwamba ataiweka ukurasa wa kwanza. Kurasa zingekwenda kwa mchapaji Alhamisi mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi Mama Glasi alifika kabla ya wengine, akafungua dirisha la chumba cha kuoshea, akaanza na glasi ya namba nne kwa sababu alitaka kuijua wiski ya kituo cha mafuta iliyoshinda wakubwa. Aliiingiza pua, akatabasamu. Ilimjia harufu ya shati la Baba Pacha. Alinusa tena, kwa raha, akimwona kwenye benchi lake.

Tabasamu likamkauka usoni. Shati la mume wake lilikuwa linafanya nini ndani ya wiski?

Aliiweka chini. Akaenda kwenye kabati, akachukua glasi safi isiyotumika, akaigeuza, akanusa. Hakuna kitu. Akatoka nayo, akashuka ngazi mpaka barabarani, akasimama kwenye vumbi la jengo linalobomolewa na kelele zake, akahema kama mara ishirini hivi, ndipo akanusa tena. Sasa aliisikia. Vanishi na mbao mbichi, vimejikusanya ndani ya glasi kama chumba kilichofungwa. Ilikuwapo siku zote. Yeye tu ndiye asiyeweza kuisikia, mpaka ilipozidi kama kwenye namba nne, kwa sababu ndiyo harufu aliyolala nayo miaka thelathini, na iliporudi nyumbani baada ya miaka miwili ya kukosekana, pua yake iliipokea kama mtu wa nyumbani na kumpisha bila kuuliza.

Alirudi juu. Akafungua kabati, na kwa mara ya kwanza akaingiza mkono ndani na kupitisha kiganja juu ya rafu. Chini ya mng'ao ule ubao ulikuwa na mawimbi. Vanishi ilikuwa imepakwa nene, tabaka juu ya tabaka, hasa kwenye kona. Na Baba Pacha ndiye aliyemfundisha yeye, zamani sana, kwamba kabati la vyombo halipakwi vanishi ndani.

Angeweza kunyamaza. Tena ilikuwa rahisi. Angezitoa glasi zote, angeziosha, angezisimamisha wima kwenye rafu za waya, na hakuna ambaye angejua chochote. Kitabu kingetoka na uongo wake ukurasa wa kwanza, Mkemia angekwenda nyumbani akiamini kwamba pua yake imekufa, na Baba Pacha angeendelea kuranda. Lakini akisema, mzee angebaki na kiti chake, na randa zingerudi chini ya kitanda, na safari hii huenda zisitoke tena. Aliosha glasi siku nzima akilifikiria hilo. Alivunja mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Jioni, jua bado lipo, alimkuta mumewe kwenye karakana akinoa patasi, anapiga mluzi. Mhariri alikuwa amemdokeza kwamba huenda wakahitaji meza mpya ya kuonjea, naye alikwisha kuchora miguu yake kwenye kipande cha ubao. Mama Pacha alisimama mlangoni. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yakamtoka kichwani.

"Baba Pacha. Kabati linanuka."

Hakuuliza kabati gani. Mluzi ulikatika. "Linanuka nini?"

"Vanishi. Imeingia kwenye glasi. Kuna wiski imepewa tisini na tatu kwa sababu ya vanishi yako, na mzee wa watu aliyesema kweli anaacha kiti chake, kwa sababu mimi nimesema glasi hazina kitu."

Aliiweka patasi chini taratibu, akaufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama alivyozoea ulipoanza kutetemeka.

"Huwa sipaki ndani," alisema. "Unajua."

"Najua."

"Msasa ulinishinda. Mkono unateleza, ubao unabaki na mawimbi. Nikapaka mara moja, mawimbi bado yanaonekana. Nikapaka ya pili, nikapaka ya tatu. Nikasema, nani atachungulia humu ndani. Wewe nilijua utachungulia. Nilisimama pale nakusubiri uchungulie."

"Sikuchungulia."

"Ukanipa tisini na tano."

"Ndiyo."

"Miaka thelathini hujawahi kunipa hata tisini. Kitanda tunacholalia themanini na sita. Siku ninayokuletea kabati lenye mawimbi, tisini na tano." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Mama Pacha. "Umenivika kilemba cha ukoka, mke wangu."

"Nilikuonea huruma."

Neno lilipomtoka alitamani alirudishe, lakini lilikuwa la kweli na lilikuwa limekwisha kusemwa.

"Huruma nimepewa na kila mtu," Baba Pacha alisema. "Majirani, watoto, daktari, mpaka dada yangu ambaye hana huruma na mtu. Mimi nilidhani kwako nitapata alama."

Aligeuka akaanza kukusanya vifaa. Mama Pacha alirudi ndani, akapika asile, akasikiliza sanduku la vifaa likiburutwa sakafuni. Alipokwenda kulala alichungulia chini ya kitanda kuona kama limerudi mahali pake. Halikuwapo. Hakujua afurahi au aogope.

Alfajiri alimkuta Baba Pacha amekwisha kuvaa, sanduku liko miguuni pake, bisibisi mkononi.

"Mhariri anafika saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili."

"Twende tufike kabla yake. Nataka kuzifungua bawaba, aone ndani vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Mhariri alipoingia alikuta milango ya kabati imelazwa sakafuni, fundi amesimama pembeni, na Mama Glasi ana glasi mbili kwenye trei. Mkemia alikuwapo pia, amekuja kuchukua daftari zake. Baba Pacha ndiye aliyesema. Alieleza mawimbi, alieleza vanishi, hakujitetea kwa mkono wala kuutaja. Ulitetemeka wenyewe, wakauona. Mama Glasi naye akaeleza habari ya shati, uso ukimwaka kwa aibu. Akampa Mhariri glasi moja kutoka kabatini na nyingine iliyosimama wima dirishani. Mhariri alinusa hii, akanusa ile, akarudia. Kisha akampa Mkemia.

Mzee alinusa mara moja tu. Mabega yake yakaanza kutikisika, wakadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Fundi yuko kazini," alisema, akifuta macho. "Mlango wa karakana uko wazi. Mshairi wetu alikuwa amepatia kila kitu, kasoro wiski."

Mhariri hakucheka mara moja. Alikwenda mezani kwake, akampigia simu mchapaji, akamwambia asubiri mpaka Jumatatu. Akarudi, akapitisha kidole kwenye mawimbi ya rafu, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama Glasi alishika trei kwa mikono miwili.

"Unaweza kulirekebisha?" Mhariri aliuliza.

"Nitalifungua lote," Baba Pacha alisema. "Nianze upya ndani. Itachukua muda."

"Chukua muda wako. Lakini nikikuta vanishi ndani tena, sitakuita."

"Ukiikuta, usiniite."

Jumamosi walionja upya zote sita, kwa glasi zilizosimama wima dirishani siku mbili. Kabla ya kikao Mkemia alizinusa yeye pia, sambamba na Mama Glasi, na tangu hapo ikawa desturi ya ofisi: glasi hunuswa na watu wawili wasiokaa nyumba moja. Wiski ya kituo cha mafuta ilipata sabini na moja. Haina kosa, mwonjaji wa chai aliandika, wala haina habari. Mshairi aliionja, akafumba macho, akayafumbua, akaomba maji. Mkemia hakuzungumzia tena habari ya kuacha kiti, na hakuna aliyemkumbusha.

Kabati lilirudi nyumbani vipande vipande. Wiki tatu Baba Pacha alipambana na msasa. Kwanza aliubandika kwenye kigogo kidogo cha mbao, kigogo kikamtoka. Akakifunga mkononi kwa mkanda wa viatu, kikazunguka. Mwisho alikata mkanda wa zamani wa suruali, akaupigilia misumari pande mbili za kigogo, akaingiza kiganja kizima kama mtu anayevaa ndara, na hapo mkono ukatulia, au ulitetemeka pamoja na msasa na kufanya kazi ileile. Alikwangua vanishi yote mpaka kwenye ubao mtupu. Aling'oa vijiti vyote mia mbili na arobaini, maana glasi haifunikwi, na kwa kutomwambia hilo mapema mke wake alipata jicho kali lililomstahili. Mgongo wa kabati akautoa, akaweka wavu ili upepo upite. Kisha akaliacha barazani, likipigwa na hewa mchana kutwa, na hakuruhusu mtu kulikaribia na sigara, vitunguu wala manukato. Wifi alifukuzwa mara mbili.

Siku ya mwisho aliita kutoka nje.

"Mama Pacha, njoo."

Alikuja akijifuta mikono. Safari hii alizunguka kabati lote. Alifungua milango, akaifunga, akaifungua tena. Aliinama akachungulia chini. Alipitisha kiganja kwenye kila rafu. Alichukua glasi safi aliyoiacha ndani tangu jana, akaenda nayo mpaka barabarani, akahema, akanusa, akarudi. Baba Pacha alikuwa amesimama palepale, mkono wa kulia uko wazi ubavuni, haujafunikwa.

"Umenipa ngapi?"

Alijua kuna namba ambayo ingemfurahisha sasa hivi, na alijua ingemfanyia nini kesho.

"Sabini na tisa," alisema.

Baba Pacha alilitazama kabati. "Ishirini na moja zimekwenda wapi?"

"Mlango wa kushoto unagusa chini. Rafu ya tatu bado ina wimbi moja, hapa, lete mkono wako. Na bawaba hii umeipindisha."

Alileta mkono. Vidole vitatu vilipita juu ya ubao, vikasimama palipokuwa na wimbi, vikarudi, vikasimama tena. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa penseli mfukoni, akaandika namba ile upande wa ndani wa mlango, kwa tarakimu zilizoyumba kidogo, na alipomaliza akaichomeka nyuma ya sikio bila kufikiri.

"Sabini na tisa," alisema, akiitazama. "Hiyo naweza kuipandisha."

Akainama kuchukua msasa.